Safu ya Mbele ya Mpakani Stars

Kocha Nsajigwa alikuwa na imani na washambuliaji wake mpaka siku Twaibu alipokosa mazoezi.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati upepo wa Tunduma unapozoa vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka na kulimwaga uwanjani. Mpakani Stars walikuwa wanajiandaa na ligi ya mkoa. Msimu uliopita walikosa kupanda daraja kwa sababu mechi za mwisho hawakufunga, na mwenyekiti wao, mzee Yassir, msafirishaji aliyehamia kutoka Tanga miaka mingi nyuma, alikuwa amemwita kocha ofisini kwake.

"Mabeki sina shida nao," alimwambia. "Kipa hali kadhalika. Nipimie watu wa mbele, mmoja mmoja. Nataka kujua nani anafaa na nani tumpumzishe. Kuna kijana pale Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikimwita leo kesho yuko hapa."

Nsajigwa hakumtaka kijana wa Nakonde. Alikuwa na Lusungu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwona akicheza pekupeku kule Ikinga, milimani Ileje, akakaa na wazazi wake sebuleni, akawaahidi kwamba mtoto wao atakuwa mikononi mwa mtu mzima. Tangu hapo Lusungu alikuwa namba tisa wa timu, na watu wa sokoni waliokuwa hawajui hata jina la kocha walijua jina lake.

Majaribio yalianza vizuri. Osward, winga wa kulia, alikuwa na pumzi kuliko mwaka jana. Twaibu, winga wa kushoto, ndiye aliyemshangaza zaidi. Twaibu alikuwa mchoyo wa mpira. Akishaupata alitaka aufunge mwenyewe hata kama mbele yake kuna ukuta wa watu. Sasa alikuwa anakimbia mpaka mstari wa goli, anainua kichwa, kisha anamsukumia Lusungu pasi laini chini chini, miguuni kabisa, karibu na lango. Lusungu alikuwa anagusa tu. Mabao yakawa yanaingia.

"Huyu mtoto amekua," Nsajigwa alimwambia msaidizi wake. Alidhani Twaibu ameacha uchoyo.

Kisha Twaibu akaenda msibani Mbeya, na siku hiyo krosi zikapigwa na kijana mwingine, za juu, kama krosi zinavyotakiwa kupigwa. Ya kwanza Lusungu aliruka mpira ukiwa umeshapita. Ya pili iliteremka kifuani kwake, akataka kugeuka nayo, miguu ikapishana, akaanguka bila kuguswa na mtu. Wenzake walicheka. Ya tatu aliikosa kabisa, na Osward alipomwambia, "Amka basi, kaka," Lusungu aliushika mpira kwa mikono akambamiza nao mgongoni.

Nsajigwa aliingia katikati yao.

"Umekunywa," alisema.

"Sijanywa, mwalimu."

"Nitazame. Mikono inakutetemeka saa kumi jioni. Unanitemea mate hapa kama mlevi wa kilabuni. Likizo nzima ulikuwa Saza kwenye machimbo ya dhahabu, na Saza tunaijua. Nenda nyumbani. Ukirudi na akili yako tutaongea."

Aliyasema mbele ya timu nzima na mbele ya watu waliokuwa wamekaa kwenye tuta wakitazama mazoezi. Lusungu alitaka kujibu, mdomo ukamchezacheza, kisha akatoka uwanjani akitembea miguu ameipanua, kama mtu anayevuka daraja la miti.

Twaibu aliporudi kutoka Mbeya na kusikia yaliyotokea, hakuvaa hata jezi. Alimfuata kocha kwenye chumba cha kuhifadhia mipira.

"Mwalimu, shikamoo. Lusungu hanywi."

"Marahaba. Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye ninayemfunga njumu." Twaibu alikuwa anaangalia chini. "Tangu arudi Saza vidole havimtii. Ananiita nyuma ya choo namfunga kamba ndipo tunaingia. Na zile pasi nampa za chini kwa sababu za juu haziwezi. Alisema ni uchovu, itaisha. Haiishi."

Nsajigwa alikaa kwenye gunia la mipira. Kila alichokuwa amekipima kwa wiki zile kilikuwa kazi ya Twaibu. Safu aliyoisifia ilikuwa mtu mmoja anayembeba mwenzake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwacha, mwalimu. Na mke wake ana mimba."

Jioni ileile, jua likiwa bado juu ya paa za Nakonde, walikwenda anakokaa Lusungu, chumba na jiko upande wa chini wa mji. Tusekile, mkewe, aliwakaribisha akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao Ileje, ingawa tumbo lilishamwia zito. Lusungu hakutaka kutoka chumbani. Nsajigwa akasubiri jikoni, na pale ndipo alipokiona: pembeni ya sufuria ya maharage, juu ya jiko la mkaa, kikaango kidogo cha chuma kilichoungua kikawa cheusi, na ndani yake utando wa rangi ya fedha.

"Hiki ni cha nini, mama?"

"Cha kuchomea dhahabu," Tusekile alisema. "Kuna mnunuzi alimfundisha kule Saza. Unachanganya mchanga na zebaki, inashika dhahabu, halafu unachoma zebaki inaondoka. Aliporudi wachimbaji waliendelea kumletea. Anachoma hapa, upepo usimsumbue, watu wasimwone."

"Na yeye anaumwa nini?"

Tusekile aliangalia mlango wa chumba kabla ya kujibu. "Halali. Fizi zinamtoka damu. Anasema kila chakula kina ladha ya shaba. Mwanzo nilidhani amenichoka, maana nikimsemesha anapandisha hasira. Baadaye nikamwona anashindwa kufunga kifungo cha shati, nikajua si mimi."

Asubuhi Nsajigwa, Lusungu na mkewe waliondoka kwenda hospitali. Daktari Priska alikuwa mwanamke mkimya. Alimwambia Lusungu anyooshe mikono, aguse pua yake kwa kidole, atembee kwenye mstari wa marumaru. Kidole kilienda shavuni. Kwenye mstari alijitahidi sana, jasho likimtoka, akateleza pembeni.

"Unafanya kazi gani?"

"Mpira," alisema Lusungu.

"Na nyingine?"

Tusekile akaeleza. Daktari aliacha kuandika.

"Zebaki ukiichoma inakuwa moshi, na ule moshi unauvuta," alisema. "Unakwenda kwenye mishipa ya fahamu na kwenye ubongo. Tutapeleka damu ikapimwe, maana hapa hatuna kipimo chake, lakini wewe si wa kwanza kuja kwangu hivi. Acha leo. Usiguse tena."

"Nikiacha nitapona?"

"Wengi hupata nafuu, polepole. Wengine mtetemeko unabaki. Siwezi kukuahidi. Mpira msimu huu sahau." Kisha akamgeukia Tusekile. "Mama, wakati anachoma, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napika," Tusekile alisema.

Lusungu aliweka mikono katikati ya magoti akaibana isicheze.

Walipotoka nje, alimwacha mkewe kwenye benchi akamvuta kocha pembeni.

"Mwalimu, usimwambie mwenyekiti. Mwambie nimeumia kifundo cha mguu. Kifundo kinapona, watanisubiri. Ukisema ubongo, nimekwisha. Hata timu ya mtaa haitanichukua."

"Lusungu, daktari amesema..."

"Ulinitukana mlevi mbele ya watu. Nipe hili tu."

Nsajigwa alijua jibu sahihi. Lakini maneno aliyoyasema uwanjani yalikuwa bado yanamchoma, na alipomtazama yule kijana akibana mikono yake kwapani, hakuweza kumnyima. Akakubali.

Mzee Yassir alipokea taarifa ya safu ya mbele ofisini, simu mbili mezani zikilia kwa zamu. Nsajigwa alimsifu Osward. Alimsifu Twaibu zaidi. Alipofika kwa Lusungu alisema, "Kifundo. Apumzike kidogo."

"Kidogo hadi lini? Jumamosi tunacheza na watu wa Nakonde, mechi ya kirafiki. Nimeshatangaza kwenye gari lenye spika. Watu watatoka ng'ambo kumwona yeye."

"Asicheze, mzee."

"Kifundo kinafungwa bandeji, Nsajigwa. Mimi nilicheza na kifundo. Muweke hata kipindi cha pili, watu wamwone akivaa jezi. Au kuna jambo jingine?"

Palikuwa na nafasi ya kusema. Nsajigwa aliiona, kama mshambuliaji anavyoona goli likiwa wazi. Akasema hakuna jambo jingine.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wanawake wa Nakonde walikuwa wamekaa kwenye vitenge vyao, wakiimba Kibemba na kucheka na wenyeji wao. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Watu wakaanza kumwita Lusungu kwa jina, na mzee Yassir, kwenye kiti chake cha plastiki, akamtazama kocha. Lusungu alikuwa ameshavua fulana ya juu. Macho yake yalikuwa yanaomba.

Akamwingiza.

Dakika za mwanzo Twaibu alimtunza. Alimpa za chini, za karibu, na mara moja Lusungu aligusa mpira ukapita sentimita chache pembeni ya mwamba, watu wakainuka. Nsajigwa akaanza kudhani labda itapita. Kisha beki wa Tunduma akapiga mpira mrefu, juu, katikati. Twaibu alipaza sauti, "Uache." Lusungu hakuuacha. Alikimbia akiufuata kwa macho, na kipa wa Nakonde naye akatoka. Kila mtu mwingine angesimama au angekwepa. Lusungu alitaka kukwepa. Ilionekana wazi kwamba alitaka, bega likaenda upande mmoja na miguu ikabaki upande mwingine. Goti lake lilimpiga kipa usoni, na yeye mwenyewe akaangukia bega.

Kipa alipoteza meno, taya likavimba. Lusungu alivunjika mfupa wa bega. Mashabiki wa Nakonde waliingia uwanjani wakisema amefanya makusudi, na wachezaji wa timu zote mbili ndio waliosimama wakawazuia. Lusungu alikuwa amekaa chini, anarudia neno moja, "Samahani, samahani," na mkono wake usioumia ulikuwa unatetemeka mbele ya watu wote.

Mzee Yassir aliutazama ule mkono.

"Hicho si kifundo," alisema.

Nsajigwa akamweleza yote palepale, wamesimama kwenye vumbi. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa zito zaidi.

"Nilikuuliza safu ya mbele iko vipi. Ulikuwa unajua. Ungeniambia, ningemkalisha na ningemtafutia pa kukaa mpaka apate nafuu. Sasa yule mtoto wa watu ananiangalia hana meno, na huyu wako umemvunja. Kwa nini?"

"Aliniomba, mzee."

"Alikuomba kwa sababu ni mgonjwa. Wewe ulikuwa mzima."

Kesho yake mzee Yassir alivuka mwenyewe kwenda kwa familia ya kipa, na baada ya hapo akatoa gari lililompeleka Lusungu na mkewe kwao Ikinga. Nsajigwa alikwenda kuwaaga. Lusungu alikuwa amekaa mbele, mkono kwenye kombeo, akatazama upande wa dereva mpaka gari likaondoka.

Ligi ilianza. Osward aliwekwa katikati, kijana wa Nakonde akaja kucheza kulia. Walifunga, wakafungwa. Nsajigwa alipima, akapanga, akabadilisha, na kila baada ya mechi Twaibu alimfuata akamuuliza swali moja: "Umesikia habari za Ikinga?"

Mvua zilipoanza alipanda Ileje. Alimkuta Lusungu kwenye kibaraza, amepungua, mfupa umeunga lakini bega moja limeshuka. Tusekile alitoka ndani na mtoto mgongoni, wa kike, mdogo sana. Alimwambia kocha kwamba wauguzi wanamfuatilia kwa sababu ya ule moshi, wanataka kuona akianza kukaa, akianza kushika vitu. Kwa sasa ananyonya na analia kama wengine.

"Jina lake nani?"

"Tabita."

Walikaa. Ukungu ulikuwa umefunika migomba ya chini. Nsajigwa alikuwa ametayarisha maneno tangu Tunduma, na sasa yakawa machache.

"Nilikosea mara mbili, Lusungu. Nilipokuita mlevi, na nilipokuingiza."

"Ya pili nilikusukuma mimi."

"Ulinisukuma. Nilipaswa kusimama."

"Ulipaswa," alisema Lusungu. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, wala msamaha. "Usiku nalala sasa. Fizi zimepona. Mkono unatulia asubuhi, mchana unarudi. Daktari anasema nisubiri. Mtoto ndiye ninayemwogopa. Kila akinyoosha kidole naangalia kama kimecheza."

"Na kimecheza?"

"Sijui. Vidole vya mtoto vinacheza vyote. Nitajuaje?"

Tusekile alimfungua mtoto mgongoni ili ampeleke ndani kwenye joto, lakini Lusungu akamwomba. Alimpokea kwa mkono mzima, akauegemeza kwenye paja ili utulie, na wote watatu wakakaa wakimtazama yule mtoto akifumba na kufumbua kiganja, mvua ikianza kugonga bati.