Gurudumu la Nyuma

Mkaguzi wa magari alikuwa na tai zaidi ya sitini, zote zenye picha za magari ya kale, na shingo yake ilikuwa wazi siku zote. Kanuni yake ni kwamba tai iliyoingia kabatini haivaliwi tena: fundo huvunja nyuzi za hariri na jasho huacha doa. Kwa hiyo harusini na kwenye hafla za kazini alikwenda bila tai, na mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuwa amechoka kuulizwa kama mumewe ana jipu la shingo.

Tai bora kuliko zote ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee. Gari jeusi lililochapwa karibu na ncha lilionekana kwa ubavu, nalo lilikuwa na gurudumu la mbele tu. La nyuma lilisahauliwa kiwandani, na tai chache zikatoka hivyo kabla ya kosa kugunduliwa. Daktari wa meno, mkusanyaji mwenzake na mshindani wake, aliimezea mate miaka mingi. Hatimaye alikubali kuibadilisha na tai yake ya buluu yenye gari la mashindano lisilo na paa, ambayo mkaguzi aliiota hata akisinzia mchana. Angekuja Jumamosi.

Muuguzi hakuambiwa habari hizo. Alichojua ni kwamba Jumapili angekabidhiwa cheo cha muuguzi mkuu, na safari hii alitaka mume aliyevaa kama mume wa mtu. Alipofungua kabati aliikuta tai ya damu ya mzee imelazwa peke yake juu ya karatasi laini, akaona kasoro. Katika kazi yake, mgonjwa mwenye upungufu hatazamwi tu. Aliipeleka kwa fundi cherehani, naye akadarizi gurudumu la nyuma kwa uzi mweusi na wa fedha, spoki zote, akilipima kwa rula lilingane na la mbele.

Ijumaa jioni alimkabidhi mumewe tai hiyo. Mkaguzi aliketi kitandani, akauliza, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti ya ajali, ni nani aliyefanya hivyo.

"Mimi. Baba watoto, kazini unazuia gari la mwenzio kwa taa moja ya breki. Nyumbani unaficha lisilo na gurudumu?"

Mkaguzi alitaka kueleza kwamba kasoro ndiyo iliyokuwa thamani yenyewe. Alipanga sentensi tatu kichwani, na kila moja ilimfanya aonekane mjinga. Akashukuru.

Jumamosi daktari wa meno alifika na lenzi yake, akaiinamia tai kama anayechungulia gego. Mkaguzi aliuliza kama uzi unaweza kufumuliwa. Daktari alisema unaweza, ila matundu ya sindano yatabaki kwenye hariri.

"Shemeji ndiye?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa.

"Basi pole, ndugu yangu. Si ya kabati tena hii. Sasa ni tai tu."

Alikunywa chai, akaondoka na tai yake ya buluu. Mlangoni alimwomba muuguzi amwelekeze kwa yule fundi, akisema hajaona mkono safi kama ule.

Jumapili asubuhi mkaguzi alisimama mbele ya kioo, na hapo jambo jingine likadhihirika: mwenye tai zote zile hakujua kufunga tai. Mkewe alimfungia kwa fundo alilolizoea, lile la kutundikia mkono uliovunjika. Likakaa barabara. Ukumbini watu watatu walilisifu gari lake, na mmoja akauliza kama bado linatembea. Muuguzi mkuu mpya, aliyekuwa jukwaani, alimwona mumewe akilinyoosha gari hilo kwa kidole ili lionekane vizuri.

Waliporudi nyumbani mkewe alisimama mbele ya kabati.

"Kuna nyingine yenye kasoro?"

Ilikuwapo. Ya kijani, ambayo gari lake halikuwa na mlango wa dereva.

"Hakuna," alisema mkaguzi. Akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akahangaika na fundo shingoni mpaka jasho likamtoka, na ikambidi amwite mkewe aje kumfungua.