Filimbi Alibaki Chini ya Ziwa

Saluni ya Bi Chanuo ina viti vitatu, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, na sheria moja tu: kichwa ambacho hakijaisha husubiriwa. Maana yake ni hivi. Mteja akisukwa nusu, akaitwa nyumbani kwa dharura, akaondoka na kitambaa kichwani, basi hadithi inayosomwa siku hiyo inasimama palepale mpaka arudi. Hata kama waliobaki wanakufa kwa hamu. Hata kama shujaa ananing'inia kwenye kamba juu ya shimo la nyoka. Ukibisha, Bi Chanuo anakuonyesha mlango kwa lile chanuo lake la mkia mrefu.

Kusoma kulianza televisheni ya saluni ilipokufa. Zamani ingefufuliwa siku hiyohiyo, maana Bi Chanuo alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wao, kijana aliyeitwa Bisibisi kwa sababu tangu akitambaa alikuwa akifungua kila chenye skrubu. Lakini Bisibisi hakuwapo tena, na televisheni ikabaki ukutani kama picha ya marehemu. Basi mdogo wake Bi Chanuo wa kike, aliye wa kati kwa kuzaliwa, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kigoda akichambua nywele za kuongezea na kumpa dada yake mkononi, akachukua kitabu rafuni akaanza kuwasomea wateja. Wakamwita Redio. Walisema afadhali yeye kuliko televisheni, kasoro yake ni moja, hana kitufe cha kuzimia.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Bisibisi. Alikiacha pale pamoja na kopo la skrubu siku alipofukuzwa.

Ndiyo, alifukuzwa, hakuna haja ya kuzungukazunguka. Mama yao alipofariki, Bi Chanuo ndiye aliyewalea wadogo zake wawili kwa vidole vyake hivyohivyo vya kusukia. Akampeleka Bisibisi chuo cha ualimu. Bisibisi akaacha chuo katikati, akaenda kujifunza kutengeneza majokofu, halafu akaja kumwambia dada yake. Na kwa akili zake za kitinda mimba akachagua kusema Jumamosi, saluni imejaa pomoni. Bi Chanuo alikuwa ameshika chanuo. "Usinikanyagie kizingiti changu tena," alisema, na wateja wote wakasikia. Kijana akageuka, akatoka, na kizingiti hakukikanyaga tena. Sasa ana kibanda chake cha ufundi mji mwingine, anaheshimika, na Bi Chanuo anajua kila kitu, kwa sababu Redio huongea na mdogo wake kwenye simu kwa sauti kubwa makusudi. Ila kumwita hawezi. Ulimi hauna mfupa, na maneno ya chumbani unaweza kuyafuta chumbani. Yaliyosemwa mbele ya wateja utayafutia wapi?

Turudi kwenye kitabu. Kiliitwa *Mlango Chini ya Ziwa*, na kilihusu ndugu watatu waliozamia mji uliomezwa na maji: Taa, dada mkubwa, aliyebeba taa, Kamba, wa kati, aliyebeba kamba, na Filimbi, kitinda mimba, aliyebeba filimbi na domo lisilofungwa. Jamani, walivyopendwa wale watoto! Nesi wa zahanati ya jirani alikuwa akija na sare yake, anasema anakuja kukatwa ncha, anakaa mpaka jioni. Mwalimu wa chekechea aliwahi kulia kwa ajili ya samaki. Lakini hakuna aliyewapenda kama Bi Chanuo mwenyewe. Mteja akikohoa katikati ya sentensi anavutwa nywele kidogo, kisha anaambiwa pole.

Ikafika sura ya mwisho. Ndugu watatu wanakimbilia mlangoni, maji yanapanda, na Filimbi anataka kurudi kuokota filimbi yake. Taa anakasirika. Anamwambia, "Basi baki!" Sasa mlango wa mji ule ulikuwa ukitii neno la kwanza unalolisikia. Ukajifunga. Filimbi akabaki ndani.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Redio alisoma mpaka "Basi baki," akanyanyua macho kugeuza ukurasa, akaona mikono ya dada yake imesimama. Mikono ile haikuwahi kusimama, hata umeme ukikatika inaendelea gizani. Imeshika msuko nusu juu ya kichwa cha mwalimu wa chekechea, na uso wa Bi Chanuo kwenye kioo umekuwa wa mtu anayesubiri kupigwa.

Redio akaingiwa na huruma. Macho yakaendelea kuangalia maneno ya kitabu, mdomo ukasema mengine kabisa. Ukasema Filimbi aliruka, kiatu kimoja kikabanwa mlangoni, mwenyewe akatoka mzima, na Taa akamkumbatia akimwita mjinga. Saluni ikapiga makofi. Nesi akafuta machozi kwa kitambaa cha kukaushia nywele. Mikono ya Bi Chanuo ikarudi kazini kwa furaha kubwa kiasi kwamba mwalimu wa chekechea aliondoka akiwa hawezi kukunja uso. Kitabu kikarudishwa rafuni, na Redio akajisemea kwamba uongo wa kumfurahisha mtu hauna kesi, mradi kitabu kimekwisha.

Nani alimwambia kimekwisha?

Mwaka ulipozunguka, Bi Chanuo alitoka kununua mafuta ya nywele akarudi akikimbia, yeye ambaye hata mvua huwa haikimbii. "Kimetoka!" alipiga kelele tangu barabarani. "Kimetoka!" Jirani muuza viatu akadhani nyoka ndiye aliyetoka, akachukua ufagio. Kumbe kitabu cha pili. Bi Chanuo alikuwa amekibeba kifuani, na kabla ya kuwaonyesha wenzake alikivalisha karatasi ya nailoni kisiingie mafuta. Akakataza mtu kukifungua. Akatangaza kwamba kitasomwa Jumamosi, mbele ya wote.

Redio aliona jina kwenye jalada: *Kurudi Chini ya Ziwa*. Warudi kufanya nini, na wote wameshatoka? Wiki nzima hakula vizuri. Akiwa anaosha mitandio alikuwa akipanga: labda nitasema wamerudi kufuata kile kiatu. Kitabu kizima, kwa ajili ya kiatu! Njia ya mwongo ni fupi, naye aliuona mwisho wake kwa macho yake.

Jumamosi watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Nesi alikuwa amesukwa juzi tu, akafumua nusu ya kichwa ili apate sababu ya kukaa. Bi Chanuo akamkalisha mwalimu wa chekechea kitini, akachukua chanuo, akavuta pumzi. "Haya, Redio. Fungua. Polepole, usinichanie karatasi."

"Ngoja ninywe maji kwanza," Redio akasema.

Ndipo Nesi, ambaye subira yake huishia zahanati, akakinyakua kitabu kigodani akakigeuza nyuma. Akasoma kwa sauti: "Filimbi yuko peke yake chini ya ziwa. Juu, Taa na Kamba wanajiandaa kurudi kumfuata ndugu yao aliyefungiwa..." Akaurudia mstari kwa kidole. "Hee! Amefungiwa? Si alitoka? Si alibanwa kiatu?"

"Wamekosea," akasema Bi Chanuo. "Hao wachapaji hao! Wanachapa tu, hawasomi. Mtoto katoka, tumemsikia wote, leo wanamrudisha ndani?" Akaweka chanuo chini. "Nipe hicho kitabu. Nakirudisha dukani sasa hivi, na yule muuzaji leo atanitambua."

Alikuwa tayari ameshavua aproni. Redio aliona jinsi muuza vitabu wa watu atakavyopata aibu bila kosa, akapiga moyo konde.

"Dada, usiende. Mimi ndiye niliyemtoa."

"Umemtoa nani?"

"Filimbi. Kwenye kitabu alibaki. Taa alimwambia basi baki, mlango ukajifunga. Mambo ya kiatu niliyatunga mimi."

We! Makelele yaliyozuka hapo, muuza viatu alikuja tena na ufagio wake. Mwalimu wa chekechea alisema ametapeliwa machozi. Nesi alisema yeye amewasimulia wagonjwa kile kiatu, zahanati nzima inakijua, sasa atawaambia nini? Mmoja akataka kujua kama yule samaki alikufa kweli au naye alitungwa. "Samaki alikufa kweli," Redio akasema, akajiona mdogo kama sisimizi.

Bi Chanuo peke yake hakupiga kelele. "Kwa nini?" aliuliza.

Redio angeweza kutunga tena. Utunzi anao, tumeshauona. Lakini alichoka. "Mikono yako ilisimama," akasema. "Nilipofika pale Taa anamwambia abaki, mikono yako ilisimama, dada. Nikaogopa."

Kila aliyekuwa saluni Jumamosi ile Bisibisi alipofukuzwa alielewa, na wengi wao walikuwapo. Wakaanza kutafuta vitu kwenye mikoba yao. Bi Chanuo akajiangalia kwenye kioo, akaangalia kopo la skrubu rafuni, akavaa aproni yake tena.

"Kwa hiyo Taa alimfungia mdogo wake," akasema. "Kwa mdomo wake."

"Kwa hasira tu. Hakukusudia."

"Mlango ulijua kwamba hakukusudia?"

"Hapana."

"Na mwaka huu wote mimi nimekaa hapa nikifurahi kwamba mtoto yuko nyumbani." Aliangalia chini akitafuta chanuo lake, macho yamejaa maji, wala hakujificha. "Soma. Soma kilichoandikwa. Ukiongeza hata nukta nakunyoa."

Redio akasoma. Ukurasa wa kwanza Taa anafunga mzigo. Kamba anamuuliza, mlango ule utafunguliwa na nani, na Taa anajibu kwamba uliofungwa na neno lake hausikii neno la mwingine. Hapo ndipo mwalimu wa chekechea aligundua kwamba hakuna anayemsuka. Mikono ilikuwa imesimama tena.

Safari hii Redio hakubadilisha kitu. Aliacha tu kidole kwenye mstari.

Bi Chanuo akajifuta mafuta kwenye aproni, akatoa simu. Namba hakuitafuta kwenye orodha, aliibonyeza tarakimu kwa tarakimu, jambo lililoonyesha alivyokuwa ameihifadhi kichwani siku zote hizo. Watu wakajifanya hawaoni. Nesi alifumua msuko ambao ulikuwa hauna shida yoyote. Redio akataka kuwaambia watoke nje, dada yake akamkatalia kwa mkono. Maneno yalitoka mbele ya hawa, na mbele ya hawahawa yatarudi.

Simu ikaita sana. Kisha ikapokelewa, na kwa mbali ikasikika sauti ya nyundo ikikoma.

"Ni mimi," Bi Chanuo akasema. "Dada yako."

"Najua," Bisibisi akasema. "Kuna nini? Redio anaumwa?"

"Redio mzima, ila ni mwongo. Nimekupigia..." Akakwama. Mwanamke anayeweza kumtukana dereva wa lori akamrudisha nyuma, akakwama kwenye simu ya mdogo wake. Akamtazama Redio, akakitazama kitabu. "Nimekupigia kukwambia kitabu cha pili kimetoka. Cha wale watoto wa ziwani. Kipo hapa, kipya, nimekivalisha nailoni."

Bisibisi alikuwa ameusoma ule mwisho wa kweli, na mwaka wote huu hakuna aliyekuwa amemtilia kiatu mlangoni. Alipouliza, sauti yake haikuwa ya fundi mwenye kibanda chake.

"Taa anarudi kumchukua?"

Bi Chanuo akashika mgongo wa kiti. "Anarudi," akasema. "Ukurasa wa kwanza tu ameshafunga mzigo. Na lile neno alilosema anajuta, wadogo zake wajue, na wateja wake wote wajue." Akavuta kamasi bila aibu. "Televisheni yangu imekufa, kijana. Njoo. Uje upitie hapohapo kizingitini."

"Nina jokofu la watu mkononi. Nitakuja Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo."

Alipokata simu alirudi kwenye kichwa cha mwalimu wa chekechea kana kwamba alikwenda kufunga dirisha. Akagawa nywele, akaanza msuko mpya, kisha akamwambia Redio, "Funga kitabu."

"Jamani, Bi Chanuo!" Nesi akalia. "Ukurasa mmoja tu! Mimi nimefumua kichwa changu kizima, na wiki ijayo nina zamu!"

"Badilishana zamu," akasema Bi Chanuo. "Sheria mnaijua. Kuna mtu aliondoka hapa kichwa hakijaisha."

Redio akachomeka chanuo la meno mapana kwenye ukurasa ule, akakiweka kitabu rafuni, kando ya kopo la skrubu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo hakuna aliyebisha tena, hata Nesi.