Mwacheni Ajibu Mwenyewe

Habari ilimfikia Nicanor Mabonga nje ya kanisa, Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa bado wanasalimiana. Mzee Wabuge, mwenzake katika baraza la wazee wa kanisa, alimvuta kando hadi karibu na tangi la maji, akatoa simu.

"Mzee Mabonga, hebu angalia hapa. Huyu si Sylvia wako?"

Alikuwa Sylvia wake, hakuna shaka. Amesimama mkono kiunoni, kavaa gauni jekundu lisilo na mikono, lililokomea juu ya magoti, na kiunoni kabandikwa namba saba. Chini ya picha paliandikwa kwamba shindano la urembo la mji wa Eldoret lingefanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Nimeona ni vizuri ujue kabla watu hawajaanza kuongea," Wabuge alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Nicanor.

Alishukuru, akaenda zake. Aibu alikuwa nayo, hilo hakulikana. Lakini kilichomsumbua njia nzima mpaka nyumbani Kapsoya ni kwamba aibu haikufika ya kwanza. Kabla yake, kwa nukta moja tu, alikuwa ameiangalia ile picha akajiambia: kumbe mtoto wangu ni mrembo hivi!

Nicanor alikuwa karani katika ghala la mahindi pale mjini. Alitoka Bungoma akiwa kijana na sasa alikuwa amemaliza karibu miaka thelathini Eldoret. Waliomjua walijua hapendi kujionyesha. Keki ya harusi yenye ghorofa tano ilimfanya atikise kichwa, na spika kubwa matangani zilimfanya aondoke mapema. Kwake yeye, Mungu huangalia moyo, na mtu anayempandisha msichana jukwaani ili apewe alama kama ndama wa maonyesho ya kilimo anamtukana aliyemuumba.

Na Sylvia hakuwa msichana wa kudhaniwa angepanda jukwaa lolote. Alikuwa kitinda mimba wake, miaka ishirini na miwili, anasomea mambo ya lishe katika chuo kimoja mjini. Tangu aanze kuongea alikuwa na kigugumizi, na si kile cha mchezo. Kuna maneno yalimkwama kooni mpaka machozi yakamtoka. Kwa hiyo baba yake alijifanya mdomo wake. Dukani, kliniki, hata siku ya kuripoti kidato cha kwanza mwalimu alipomuuliza jina, Nicanor ndiye aliyejibu. Alikuwa anatazama midomo ya mtoto. Ikianza tu kutetemeka, yeye analeta neno. Alifanya hivyo kwa upendo, na kweli ulikuwa upendo.

Alimkuta mkewe Mildred jikoni anachambua maharagwe.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Nilijua."

"Na ukaninyamazia?"

"Aliniomba akwambie mwenyewe, Baba Sylvia. Alikuwa anatafuta siku ambayo hutamharakisha."

Sylvia alisikia sauti zao akaja, akasimama mlangoni. Hakujificha.

"Baba, ni mimi nilitaka. Hakuna mtu alinisukuma."

"Na hayo magoti nje?"

"Hiyo nguo walinipatia ya p... ya p..."

"Ya picha," Nicanor alisema.

Sylvia alifunga mdomo. Alingoja kidogo, kisha akaanza upya kana kwamba hakusikia kitu. "Ya p-picha. Siku yenyewe navaa zingine. Na hakuna mambo ya nguo za kuogelea. Hiyo niliuliza kwanza, kabla sijaandikisha jina."

"Lakini kwa nini hii, mwanangu? Kuna mambo mangapi mazuri ya kufanya?"

"Kwa sababu mwisho wanakuuliza swali mbele ya watu wote, na lazima ujibu mwenyewe." Sasa alikuwa anaongea polepole sana, akikanyaga kila neno. "Baba, mimi sijawahi kuulizwa swali mbele ya watu. Shule walikuwa wananiruka. Kanisani, tangu nikiwa mdogo mnanipatia tu kazi ya k-kupanga viti."

"Tulikuwa tunakuhurumia."

"Najua. Mmenihurumia mpaka nimechoka."

Hakusema kwa hasira. Nicanor alivua koti lake la Jumapili akalikunja mkononi. "Wewe ni mtu mzima," alisema hatimaye. "Sitakukataza. Lakini usitarajie kuniona huko."

Wiki tatu zilizofuata, kila asubuhi akinyoa ndevu kwenye dirisha la bafu, alimwona. Sylvia alikuwa nyuma ya nyumba kati ya kamba ya nguo na kibanda cha kuku, amevaa viatu vya visigino virefu na sweta nzito kwa sababu ya baridi. Alitembea, akageuka, akasimama, akaongea. Neno likikwama hakulilazimisha. Aliteremsha mabega, akavuta pumzi, akalirudia kutoka mwanzo. Asubuhi moja Nicanor aligundua povu limemkaukia shavuni. Alikuwa amesimama na wembe mkononi akimsikiliza bintiye akiirudia sentensi moja mara kumi na mbili, mpaka ikatoka nzima.

"Hata kwaya yetu haifanyi mazoezi namna hii," alimwambia Mildred kwenye chai.

"Mwambie yeye."

Hakumwambia. Usiseme alikuwa amebadilika. Bado aliomba Mungu Sylvia aghairi. Na papo hapo, katika maombi yaleyale, aliomba kwamba asipoghairi basi watu wasimcheke.

Jumamosi ilipofika, Mildred alivaa vizuri akaondoka na bintiye. Nicanor alienda kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, ambako ajenda ilikuwa paa la darasa la watoto. Walijadili mabati ya rangi na mabati ya kawaida. Saa nane ikapita, saa tisa ikakaribia. Wabuge alikuwa katikati ya kueleza jambo kuhusu misumari Nicanor aliposimama.

"Ndugu zangu, naomba ruhusa. Nina mtoto mahali."

Hakuna aliyeuliza ni wapi. Alitoka, akapanda boda boda, akafika mjini koti likiwa limejaa upepo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Alipata nafasi ya kusimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na kwa muda wa nusu saa alijuta kuja. Muziki ulipiga mpaka kifua kikatetemeka. Wasichana walipita na gauni za jioni, na Sylvia alipotokea na lake, la kijani, lililombana kuliko baba alivyotaka kuona, vijana waliokaa mbele walipiga mbinja. Mmoja alipiga kelele kuhusu kiuno chake. Damu ilimpanda Nicanor. Alipiga hatua moja kwenda mbele, hajui hata angefanya nini, ila Sylvia alikuwa ameshageuka, kichwa juu, hatua zake zimetulia, kama mtu anayevuka kiwanja chake mwenyewe. Yale makelele hayakumgusa. Nicanor alirudi nyuma akaegemea ukuta. Aliona uchungu, aliona na fahari, na hakuna kilichomwondoa mwenzake.

Kisha ukafika wakati wa maswali. Mwendesha shughuli, mwanamume wa suti ya kung'aa, alisoma karatasi.

"Namba saba. Ukipewa dakika tano na gavana, utamwambia nini?"

Sylvia alishika kipaza sauti. "D... d... d..."

Ukumbi ulitulia. Mahali fulani mtu alicheka kidogo, akanyamazishwa. Midomo ya Sylvia ilitetemeka jinsi Nicanor alivyoijua kwa miaka ishirini. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa limejaa mdomoni mwake. *Dakika! Anataka kusema dakika!* Nicanor aliweka mkono mdomoni akajiziba kwa nguvu.

"Dakika tano?" mwendesha shughuli alisema akitabasamu. "Unataka kusema dakika tano ni..."

Sylvia aliinua mkono wake wa kushoto, taratibu, bila dharau. "Asante. Jibu ninalo. Nipe t-tu muda."

Mtu yule alirudi nyuma. Sylvia aliteremsha mabega, akavuta pumzi, na watu mia tatu wakangoja pamoja naye.

"Dakika tano ni chache kwangu," alisema. "Tatu zitaisha na s-salamu."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kingine kabisa. Hata majaji walicheka, na Sylvia akacheka nao. Kisha akaendelea, polepole, akikwama na kusubiri, akikwama na kusubiri. Alisema kila shule katika kaunti ina mtoto aliyekaa nyuma, anayejua jibu, na mwalimu anamruka kwa sababu hana muda wa kumsubiri. Alisema wanaomruka si watu wabaya. Wengi wanadhani wanamsaidia. "Ningemwambia gavana, tufundishie walimu k-kungoja. Haina gharama. Mnahesabu tu mpaka kumi kimoyomoyo, halafu mnaona."

Watu walisimama. Mwanamke mmoja mbele ya Nicanor alipiga kigelegele. Yeye mwenyewe hakupiga makofi. Mkono wake ulikuwa bado mdomoni, na macho yamejaa machozi.

Taji lilienda kwa Jebet, mshindani kutoka Plateau, na kwa haki lilikuwa lake. Sylvia alikuwa wa tatu. Nicanor aliwangoja yeye na mama yake nje, pembeni ya barabara.

"Ulikuja!" Sylvia alisema.

"Nilikuja. Lile gauni la kijani sikulipenda."

"Hata mimi, Baba. Lilikuwa linanikaba hapa."

"Na wale vijana..."

"Hao ni makelele tu."

"Lile neno nilikuwa nalo, Sylvia. Nusura nilitamke kwa sauti."

"Nilikuona. Nikiwa kule juu nilikuona umejiziba mdomo." Alianza kucheka, Mildred akacheka, na Nicanor, aliyekuwa ameandaa maneno ya maana, akajikuta anacheka pia, katikati ya watu.

Wiki mbili baadaye alilipeleka jambo kwenye baraza la wazee. Alisema wazi kwamba mashindano yale bado yanampa shida, hasa mavazi, na kwamba hajui kama angependa Sylvia arudi. Lakini alisema pia kwamba maisha yake yote hajaona ujasiri kama ule, na kanisa limemwachia mtu wa namna hiyo kazi ya kupanga viti kwa miaka kumi na tano. Aliomba Sylvia apewe kusoma neno siku ya Jumapili. Walikubali.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia kumpa habari. Sylvia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni wao walifikiria, ama ni wewe uliwaomba?"

"Ni mimi niliomba," Nicanor alikiri.

"Basi, Baba, waambie waje waniulize wenyewe."

Nicanor alimwangalia mkewe. Mildred aliangalia sufuria. Kwa hiyo alimpigia Wabuge simu, akamweleza kwa sentensi mbili ambazo zilimtoa jasho, na Wabuge akakohoa, akasema sawa.

Alikuja Jumamosi jioni na kofia mkononi. Mildred alimkaribisha kiti, akamwekea chai na mandazi. Mzee alizungumza kuhusu mvua, akazungumza kuhusu bei ya mbolea, akamtupia Nicanor jicho la kuomba msaada. Nicanor alimenya ndizi.

"Sylvia, binti yangu," Wabuge alianza mwishowe, "sisi wazee tulikuwa... tulikuwa tunaonelea..."

Sylvia aliweka kikombe chini, akamgeukia mzee yule vizuri, akakunja mikono mapajani.

"Usiwe na haraka, Mzee," alisema. "Mimi nangoja."