Mkia Tumboni mwa Posamu

Kwanza kilisikika kikohozi. Kilikuwa kikavu, cha kukwaruza, kama cha mzee aliyevuta tumbaku maisha yake yote, na kilitoka ndani ya stoo niliyoifunga mimi mwenyewe kwa kufuli. Giza ndilo kwanza lilikuwa linaingia. Nilisimama mlangoni, fungu la majani ya mkaratusi kwapani, taa ya chemli mkononi. Kikohozi kikakatika. Ukafuata mzomeo mrefu, halafu makucha yakaparura ubao.

"Leo anamgombeza nani?" kaka yangu Saulo aliuliza nyuma yangu.

"Wewe. Jana ulimkatia ndizi iliyooza."

Hakucheka. Siku nyingine angenirudishia tusi la kunitosha.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 1955, mjini Mbeya, katika nyumba ya bati jekundu chini ya mlima Loleza. Saulo alikuwa mpishi. Mimi, Andendekisye, nilifagia, nilipiga pasi na kuangalia bustani. Wenzangu wa nyumba za jirani waliitwa boi na wakaitika. Mimi sikuitika. Mwishowe Bwana aliacha, akawa ananiita kwa jina langu lote, akilivunjavunja lakini akilimaliza.

Bwana huyo alikuwa mpima miamba kutoka Australia. Yeye na mkewe walikuja kwa meli na kreti la waya lenye wanyama wawili wa kwao, dume na jike, waitwao posamu. Ukubwa wao ni kama wa paka, masikio marefu, pua nyekundu, manyoya mazito ya kijivu, na mkia mweusi unaojua kujizungusha tawini. Watu waliopita kwenda sokoni waliwaita makomba wa Ulaya. Mwezi wa tano dume alitoroka, mbwa wa jirani akamuua. Jike alibaki peke yake stoo, na wenyewe walipokwenda Iringa kwa wiki mbili, Memsahibu aliniachia ufunguo.

Alikuwa amenifundisha siku tatu. Mchana asiamshwe, maana siku yake huanza jua likizama. Sanduku lake la kulalia lining'inizwe juu, kwa kuwa mnyama wa mitini akilazwa chini haachi kuogopa. Apewe majani mabichi kila jioni, ndizi kidogo, yai mara moja kwa wiki, na ua la waridi akiwa mtulivu. Nikileta matawi mapya nisiyatupe yote ya zamani, kwa sababu harufu yake iliyobaki humo ndiyo inayomwambia kwamba yuko kwake. Nikilazimika kumkamata, nimshike shina la mkia na kumfunika kichwa kwa gunia, wala nisimminye tumbo.

"Akifa huyu, Andendekisye, sijui nitafanya nini," alisema.

Nilimjibu kwamba kitu nilichokabidhiwa mimi hakifi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Basi jioni ile nilifungua kufuli, Saulo akaingia nyuma yangu na bakuli la ndizi. Posamu alikuwa juu ya tawi, macho yakiwaka mekundu kwenye mwanga wa taa. Nikamnyooshea kipande. Akainuka kwa miguu ya nyuma, akakipokea kwa mikono miwili kama mtu, na tumbo lake lote likawa mbele ya taa.

Katikati ya tumbo kulikuwa na mpasuko. Kwenye mpasuko palitokeza kitu chekundu, kisicho na unyoya hata mmoja, chembamba kama penseli. Kilining'inia. Halafu kikajikunja polepole, kikarudi ndani chenyewe.

Saulo alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Toka, Ande. Toka, ufunge."

Sisi ni Wanyakyusa wa Rungwe, na tumebatizwa tangu babu. Lakini hakuna mtoto wa kwetu aliyekua bila kusikia habari za chatu wa tumboni. Mchawi wa kwetu anambeba chatu ndani ya tumbo lake mwenyewe, na chatu huyo ndiye anayetoka kwenda kula: anakula maziwa ya ng'ombe, anakula pumzi za watoto. Zamani, mtu aliyeshukiwa akifa, alipasuliwa mbele ya ukoo ili kionekane alichokuwa nacho. Serikali ikapiga marufuku. Ilikataza kupasua watu; juu ya wanyama haikusema neno.

Na katika vyumba vya wafanyakazi nyuma ya stoo, Saulo, aliyeishi humo na mkewe Tusekile, alikuwa na mtoto mgonjwa. Mwanawe Asukile, wa miezi minane, alianza kukohoa Jumapili. Sasa ilikuwa Jumanne, na mbavu zake zilibonyea kila alipovuta pumzi.

"Anamla mwanangu," Saulo alisema tulipofika uani. "Ukuta mmoja tu unawatenga. Yule anakohoa, na huyu anakohoa. Husikii? Ni kikohozi kile kile."

Nilitaka kumcheka nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuliwaza hilo kabla hajalisema. Nililala na ufunguo chini ya shavu, nikisikiliza. Kikohozi kilitoka upande wa kulia, kikajibiwa upande wa kushoto, na mara mbili sikujua kipi ni cha mnyama na kipi ni cha mtoto wa ndugu yangu.

Asubuhi niliamshwa na kisu kilichokuwa kinanolewa. Saulo alichuchumaa kwenye ngazi ya jiko, na pembeni yake, juu ya kigoda, alikaa mzee Anania wa mtaa wa sokoni, amevaa koti kuukuu la jeshi. Kila Mnyakyusa wa Mbeya alimjua. Ujanani mwake, huko Rungwe, alikuwa mpasuaji.

"Huyu ndiye mwenye ufunguo?" aliuliza.

"Ndiye. Mdogo wangu."

"Mdogo wako ana shingo ndefu."

"Ya kutazamia mbali, mzee," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Lete ufunguo."

"Si wangu huo."

"Nani kasema ni wako? Nimesema ulete." Akatema mate pembeni, bila hasira. "Tutampasua hapa juani. Akikutwa mtupu, mmepoteza komba mmoja, basi. Akikutwa na chatu, tunamchoma, na mtoto atakuwa anapumua kabla ya saa sita. Nimeyaona kwa macho yangu."

"Na Bwana akirudi?"

"Utasema mbwa," Saulo alijibu, akikitazama kisu. "Mbwa alimla wa kwanza, kamla na wa pili."

"Kaka, mpeleke mtoto hospitali."

"Kama Lea?"

Lea alikuwa binti yake wa kwanza. Alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, huko nyumbani.

"Lea tulimpeleka hospitali akiwa anapumua," Saulo alisema. "Tulimrudisha amefunikwa shuka. Usinitajie hospitali."

Kikohozi kikatoka chumbani. Hiki nilikijua. Kilikuwa kidogo, kimechoka, na baada yake pakapita kimya kirefu mno kabla ya pumzi nyingine. Sote watatu tuliingoja pumzi ile. Ilipokuja, Saulo alisimama na kisu chake.

Nami nilielewa kwamba naogopa, tena si kisu. Niliogopa kukosea. Nikimzuia, na kumbe ni kweli, nitakuwa nimemfungia chatu chumba kizuri na kumlisha maua huku anammaliza mwana wa ndugu yangu. Nikimwacha apasue, na kumbe si kweli, asubuhi yote itakuwa imekwenda, na mtoto hana asubuhi nyingi.

"Nitamtoa mimi," nikasema. "Lakini kisu kikae chini mpaka nimetia mkono wangu humo ndani, nikaona ni nini. Na Tusekile aje aone."

"Mwanamke hatazami mambo haya," Anania alisema.

"Mtoto amezaliwa na nani? Na wewe?" nilifoka. "Tusekile! Shemeji! Njoo!"

Nilifungua stoo, nikalitungua sanduku. Alikuwa amelala ndani, amejiviringa, mzito na wa moto kama mkate. Nilimfunika kichwa kwa gunia, nikashika shina la mkia, nikamlaza mapajani pangu uani. Alizomea, akanichana kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka, kisha mwanga ukamlegeza. Kwa mnyama huyu mchana ni kama usiku wa manane kwetu. Tusekile alitoka akiwa amempakata Asukile ndani ya blanketi, macho yake yamevimba kwa siku tatu za kutolala.

Mpasuko ulikuwa umefumba. Nilisita, na nilimwona Anania akiutazama mkono wangu. Hasira ya kutazamwa ndiyo iliyousukuma. Nilitia vidole viwili, nikavitanua.

Ndani palikuwa na joto na unyevu, na harufu kali ya manyoya. Palikuwa na mfuko wa ngozi, na chini kabisa ndani yake kiumbe kama panya, chekundu, kimejikunja, masikio yamegandana na kichwa, macho yamezibwa na ngozi. Kidole changu kilipokigusa, kilivuta miguu yake ya nyuma. Ule mkia ulikuwa wake. Mdomo wake ulikuwa umeshika kitu, nami nilipotaka kukigeuza kiumbe hicho hakikuachia; ulikuwa umeshikana nacho kama kifungo kilichopenya tundu lake. Niliacha mara moja, nikiogopa kukichana.

"Kimekung'ata?" Saulo aliuliza. Hakuwa amesogea.

"Hakina meno."

Tusekile alipiga magoti karibu nami. Aliinama kutazama, na sikio la mwanawe lilikuwa karibu kugusa gunia.

"Ananyonya," alisema.

"Hata chatu hunyonya," Anania alisema. "Wa kwetu walikuwa wananyonya ng'ombe."

"Chatu ana vidole, mzee? Njoo uvihesabu. Na hiyo ni chuchu, imeingia mpaka kooni. Umepasua matumbo mengi wewe, lakini hujanyonyesha hata siku moja."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mtoto wa posamu huzaliwa akiwa si mkubwa kuliko punje ya haragwe, baada ya mimba isiyofika hata wiki tatu, na kwamba, kipofu hivyo hivyo, hupanda mwenyewe kwenye manyoya ya mama mpaka aufikie mfuko, akaing'ang'ania chuchu miezi mingi. Huyu alikuwa mtoto wa yule dume aliyeliwa na mbwa. Asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka, haraka, bila kubonyea.

Tusekile naye alikuwa anakitazama kifua hicho. Kisha akamgeukia mumewe.

"Leo ni siku ya ngapi, Saulo?"

"Ya nne."

"Lea tulimfikisha hospitali siku ya ngapi?"

Saulo alikitazama kisu, naye Tusekile akajijibu mwenyewe.

"Ya sita. Siku tano ulinizungusha kwa wazee, na kila mzee alikuwa na dawa yake na kisu chake. Nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mume wangu. Lea hakuuawa na hospitali. Tulimuua sisi kwa kuchelewa, mimi na wewe."

"Na huyu akifia kule?"

"Afe basi nikiwa nakimbia naye, kuliko afe nimekaa natazama mnyama anapasuliwa!"

Sijawahi kumsikia mwanamke wa ukoo wetu akisema hivyo mbele ya mzee. Saulo aliufungua mkono wake, kisu kikaanguka ngazini. Akaingia chumbani kutafuta koti lake.

Anania aliinuka polepole, akajikung'uta suruali. Hakuonekana mtu aliyeshindwa, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Mmemwacha hai," alisema. "Mtoto akikata roho msiniite. Nitakuwa nimekwisha jua." Akanielekezea kidole. "Na wewe, itakuwa juu yako."

Nilimrudisha posamu ndani ya sanduku lake, nikakisukuma kile kimkia ndani ya mfuko kwa ncha ya kidole, nikafunga. Nilipotoka, Saulo alikuwa ameshashika njia ya mteremko, anakwenda kwa hatua ndefu, kisha anasimama kuwangoja, kisha anakwenda tena. Tusekile alikuwa bado langoni. Alilifunua blanketi nimtazame mtoto. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Nilimgusa kipaji cha uso, nikauondoa mkono upesi, alivyokuwa anaungua.

"Shemeji, umesikia alichosema mzee."

"Nimesikia."

"Mimi nimekiona kile kitoto kinanyonya. Nimekiona kwa macho yangu, na bado naogopa." Alimfunika Asukile tena. "Nikirudi na blanketi tupu, Saulo atakiokota kile kisu. Na hatamwanzia mnyama."

"Najua."

"Basi la kwetu Tukuyu linaondoka saa tano. Ukiwa umepanda sitakulaumu."

Nilikuwa nimelifikiria basi hilo dakika ile ile, na nilimchukia kwa kunisoma. Chini mteremkoni Saulo aliita, sauti ikipasuka, kwamba mtoto hangoji. Tusekile aligeuka na kuanza kukimbia, na kile kikohozi kidogo kikawa kinatikisika begani pake.

"Shemeji!" nilipiga kelele, kwa sauti ya kumfikia yeye, imfikie na ndugu yangu. "Mkirudi naye, au mkirudi bila yeye, mtanikuta hapa hapa, na mnyama wangu na mtoto wake wakiwa hai nyuma yangu. Sipandi basi lolote. Nakuahidi!"