Marando ya Musembi

"Ukiyang'oa haya marando, ng'oa na mimi," Nduku alisema. Alikuwa amesimama peku katikati ya matuta ya viazi vitamu, mikono kiunoni.

"Toka hapo, Nduku. Nina kazi."

"Mama, hata wewe umekula hivi viazi."

"Nilikula kabla sijajua vimetoka wapi."

Sasa nilijua. Mwanangu Musembi, mumewe, alikuwa kibarua katika kituo cha utafiti Ruiru, mahali ninapofanya kazi ya maabara. Tulijaribu viazi vitamu vilivyobadilishwa chembe za urithi ili virusi visiviweze. Kanuni za serikali zilisema jaribio likiisha, kila kitu kichomwe, hata majani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima kama vinafaa kuliwa. Musembi ndiye aliyetumwa kuchoma. Alificha fungu moja la marando, yale mashina ya kupandia, akalipanda nyuma ya nyumba yetu, hapa Mugutha. Nami nikatia sahihi kwamba yote yameteketea, bila kwenda kuangalia shimo la kuchomea. Nilimwamini.

Mwezi wa tatu alikufa kwa homa ya mapafu. Viazi vya majirani vikawa vya manjano kwa virusi, majani yakajikunja. Vyake havikupata hata doa.

"Kila alfajiri Musembi anakuja kuvipalilia," Nduku alisema. "Niite mwendawazimu ukitaka."

"Sikuiti. Hata mimi nasikia jembe."

Sikuwa nimemwambia mtu. Mara mbili nilitoka na tochi, nikakuta udongo umeinuliwa upya na hakuna alama ya mguu.

"Basi mwache na shamba lake, mama."

"Mwanao Kanini anakula hivi viazi kila siku. Unajua vitamfanyia nini? Mimi sijui, na ndiyo kazi yangu. Kuna mtu umempa marando?"

Alitazama chini. "Jirani yetu Wakonyo aliomba. Ningemnyimaje? Marando hayauzwi, wala hayanyimwi mtu. Naye amewagawia dada zake, kule Gatongora."

Niliweka jembe chini. Jembe langu lisingefika Gatongora. "Itabidi niwaambie kituoni," nilisema. "Wao watafika, lakini kwanza watauliza nani aliyatoa huko."

"Watamwita Musembi mwizi," Nduku alisema. "Na hawezi kujitetea."

"Aliiba. Mimi nikadanganya."

Sikubadilisha hata viatu. Nilikwenda moja kwa moja hadi kituoni, nikaingia kwa mkurugenzi na matope yangu, nikamtajia jina la mwanangu, kisha langu.