Gari Lililozima Makutanoni

Mwalimu wa udereva, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mzee Klachi, alikuwa na miaka ishirini na sita ya kuketi kiti cha abiria na kuwaogopa madereva wapya. Mgongo ulimuuma, sauti ilimkauka kabla ya saa nne asubuhi, na gari lake la kufundishia, lililopakwa rangi mara tatu, lilikuwa limechakaa kama yeye.

Mwezi ule mwanafunzi mmoja alimmaliza nguvu. Alikuwa mkunga, mama wa makamo, aliyekuja darasani moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu, akitaka kujua kuendesha kwa sababu alikuwa amechoka kuomba lifti. Kila alipofika makutanoni na kutoa mguu kwenye mafuta, gari lilitetemeka, likakohoa, likazima. Nyuma honi zikalia. Mwalimu alimwambia anaachia klachi vibaya. Akamwambia tena kesho yake, na keshokutwa. Wiki ya tatu uvumilivu ukamwishia, akasema bila hata kupandisha sauti, "Dada, si kila mtu ameumbiwa usukani."

Mkunga alifungua mkanda, akachukua mkoba wake, akashuka pale pale na kwenda zake kwa miguu. Mwalimu akahamia kwenye usukani, akawasha gari, akafika nyumbani bila kuzimikiwa hata mara moja. Akajiona ana haki.

Jumamosi alilipeleka gari kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ni fundi. Shida ilikuwa taa ya nyuma tu. Lakini shemeji alisimama akitega sikio, kisha akauliza mluzi ule umeanza lini. Mwalimu akauliza mluzi gani. Alikuwa ameishi nao hadi hausikii tena.

Fundi akafungua boneti, akamwambia abaki kwenye usukani, gari likinguruma, akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kandokando ya manifodi, lile bomba pana la plastiki linaloigawia injini hewa. Alipofika upande wa chini mngurumo wa injini ukapanda ghafla. Pale palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na juu yake gundi iliyokauka na kubanduka. Shemeji akamletea kipande chake dirishani, na mwalimu akaitambua gundi ile. Aliipaka mwenyewe miaka miwili nyuma, akasahau.

Shemeji akamweleza kwamba hewa ya wizi inapita pale, mafuta yanazidiwa, injini haiwezi kujisimamia.

"Mbona mimi halinizimii?" mwalimu akauliza.

"Hebu toa mguu kwenye mafuta."

Mwalimu akatazama chini. Mguu wake ulikuwa umekanyaga mafuta kidogo, wenyewe, bila kutumwa. Akauondoa. Gari likatetemeka, likakohoa, likazima.

Shemeji akaenda kutafuta spana.

Kazi ilichukua siku mbili. Manifodi nyingine waliitoa kwenye gari bovu lililokuwa likiota majani nyuma ya gereji. Bolti moja iliyoshikwa na kutu ikakatikia ndani, ikabidi kuitoboa taratibu. Wakafunga gasketi mpya ya kuziba hewa kwenye maungio, na mluzi ukakatika.

Siku ya tatu mwalimu alikwenda zahanati, akamkuta mkunga koridoni akikunja mashuka.

"Lilikuwa gari, dada. Hukuwa wewe," alisema. "Na hata ungekuwa wewe, yale maneno hayakufaa."

Mkunga aliendelea kukunja. Akasema kwamba wiki zote zile alikuwa akijifunza kuachia klachi kitandani, kwenye ubao wa miguuni, mpaka mumewe akahamia kochini. Hakusema amesamehe. Aliuliza kama Alhamisi kuna nafasi.

Alhamisi gari lilisimama makutanoni likinguruma polepole, halikukohoa. Mkunga alisahau kuwasha indiketa, mwalimu akamkumbusha mara moja tu. Barabara ilipokuwa nyeupe na ndefu mbele yao, macho ya mwalimu yakaanza kuwa mazito. Alijikaza, akashindwa.

Alipozinduka, injini ilikuwa imezimwa na breki ya mkono imevutwa. Walikuwa kando ya ukuta mrefu, kivulini. Mkunga alikuwa akimenya chungwa.

"Nimeegesha mwenyewe," alisema, akampa nusu.

Mwalimu akachungulia dirishani. Gurudumu moja lilikuwa limepanda ukingo wa barabara. Akarudi kitini, akala chungwa lake.