Nguruwe wa Barazani

Sabuni za Bi Shukri zilidoda, huku za mpangaji wake Nanjala, mtu wa bara, zikigombaniwa mtaa mzima wa Kuze. Siku moja Nanjala alijaribu kalibu za mitumba za kumiminia sabuni, zenye maumbo ya wanyama. Akaanika barazani samaki, bata na, bila kufikiri, nguruwe.

Bi Shukri akamnyanyua nguruwe huyo juu. "Jamani, njooni muone tunakogeshwa mafuta gani!"

Wanawake wakakimbilia kunawa mikono.

"Bi Shukri, si mafuta ya nazi tulizokuna sote, jikoni mwako?" Nanjala akauliza.

"Mie nikune nazi nawe? Astaghfirullahi!"

Alasiri hiyo vyombo vya Nanjala vilitupwa kichochoroni. Mlango ulipofungwa, Bi Shukri aliingia kukoga, akajisugua kwa yule nguruwe, taratibu, mpaka masikio ya sabuni yakayeyuka.